Kipimo cha Baba: Tuliyojifunza Kuhusu Saratani ya Ngozi na Mitoki



Ndugu zetu wasomaji, tumekaa muda mrefu tukijiuliza kama tuiandike makala hii au tuiache. Sisi ni ndugu wanne, baba mmoja mama mmoja, tumezaliwa na kukulia Buyenzi, hapa Bujumbura. Wawili tuko nyumbani, mmoja anaishi Kigali, na mmoja alikuwa Dar es Salaam kimasomo wakati mambo haya yalipotokea. Tumekubaliana kuandika kwa sauti moja kwa sababu kosa lilikuwa letu sote, na tulichojifunza ni chetu sote. Tunawaandikia wenye familia, na hasa vijana wanaosoma, maana mara nyingi ninyi ndio mnaofuatana na wazazi hospitali na kubebeshwa makaratasi ambayo hakuna aliyewaeleza maana yake.

Makala inahusu saratani ya ngozi inayoitwa melanoma, na swali moja ambalo kila familia huliuliza inapopata habari hiyo: je, imeshafika kwenye matezi?

Doa la kisiginoni

Baba alikuwa fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa barazani na cherehani yake ya kukanyaga, kandambili ya mguu wa kulia ameivua, kwa sababu alisema mguu mtupu unaisikia mashine vizuri zaidi. Mwaka 2016, siku moja amejinyoosha mkekani baada ya Adhuhuri, Mama aliona doa jeusi chini ya kisigino chake cha kulia. Lilikuwa kubwa kidogo kuliko punje ya kunde, na ukingo wake haukuwa mviringo mzuri. Upande mmoja rangi ilikuwa nyeusi sana na upande wa pili kahawia.

Baba akasema, "Hiyo ni sugu ya cherehani." Sote tukakubali. Nani angebisha? Fundi wa kukanyaga kuwa na sugu ya kisigino ni jambo la kawaida.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kukubali haraka. Tulilelewa tukiamini kwamba mtu mweusi hapati saratani ya ngozi, kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu na wa ndugu zetu wenye ualbino. Imani hiyo ina nusu ya ukweli tu. Ni kweli kwamba ndugu zetu wenye ualbino wanaumizwa sana na jua, na saratani zao mara nyingi ni za aina nyingine, hutokea usoni, masikioni na shingoni. Ni kweli pia kwamba melanoma ni nyingi zaidi kwa watu weupe. Lakini sisi weusi nasi tunaipata, ila mahali pengine: chini ya nyayo, kwenye viganja, na chini ya kucha, sehemu ambazo jua halifiki sana. Mwanamuziki Bob Marley, ambaye kila mtu anamjua, aligundulika mwaka 1977 kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na umri wa miaka 36.

Jambo linalotuhuzunisha mpaka leo ni hili. Baba alikuwa mtu wa kutia udhu vizuri. Mara tano kwa siku aliosha miguu mpaka kwenye vifundo, akapitisha kidole baina ya vidole. Unyayo wake ulipata maji na mkono kila siku, miaka yote, ila haukupata macho. Tunaosha chini ya mguu kwa kupapasa. Hatugeuzi mguu kuutazama.

Kipande kilichotupwa

Mwaka 2017 lile doa lilianza kunyanyuka na kutoa damu kidogo. Damu ilibaki kwenye kikanyagio cha cherehani, na hapo ndipo Mama aliposema basi, nenda ukaonyeshe. Baba alikwenda kwenye zahanati ndogo, hatutaitaja, na hatuna nia ya kumlaumu mtu kwa jina. Walimdunga sindano ya ganzi, wakakata, wakashona, akalipa, akarudi nyumbani kabla ya Alasiri.

Tulimuuliza, "Wamesema nini, Baba?"

Akajibu, "Wamesema ni sugu. Wameikata, wameitupa. Imekwisha."

Tukasema Alhamdulillah. Neno "wameitupa" lilipita masikioni mwetu kama neno jingine lolote. Ilitupasa tushituke, na hatukushituka kwa sababu hatukujua. Ndani ya kile kipande kilichotupwa kwenye ndoo ndimo lilimokuwa jibu la karibu maswali yote tuliyokuja kuyauliza baadaye.

Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, katikati ya 2018, weusi ulirudi kwenye kovu lile lile, na safari hii ulikuja na kidonda kisichofunga. Baba hakusema tena habari ya sugu. Tuliuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo, ndugu yetu wa Kigali akatuma alichokuwa nacho, na mzee akapanda basi na mmoja wetu kupitia mpaka wa Kobero kwenda Dar es Salaam, alipokuwa ndugu yetu mwanafunzi.

Kila milimita ina maana

Daktari aliyempokea Baba alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye kuzungumza taratibu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, mlipokatwa mara ya kwanza, majibu ya maabara yalisemaje?" Tulipomwambia kwamba hakukuwa na maabara, alinyamaza kidogo. Kisha akachukua kinyama kutoka kwenye kidonda, akakitia kwenye kichupa chenye dawa ya formalini, akatuambia turudi baada ya wiki mbili.

Majibu yalipotoka alitukalisha na kutueleza kwa kalamu na karatasi. Tunajaribu kuyaeleza hapa kama alivyotueleza.

Ngozi ina tabaka la juu na tabaka la chini. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinakaa mwisho wa tabaka la juu, mpakani. Melanoma inaanzia kwenye seli hizo. Tabaka la juu halina mishipa ya damu wala mishipa ya limfu, hivyo basi saratani ikiwa bado imebaki humo haina njia ya kutokea. Ikianza kuzama kwenye tabaka la chini ndipo inapokutana na mishipa. Kadiri inavyozama ndivyo inavyokutana na njia nyingi zaidi za kusafiria. Kwa sababu hiyo ukubwa wa doa kwa juu, ule tunaouona kwa macho, si kipimo kikuu. Kipimo kikuu ni kina chake kwenda chini.

Mtu aliyeonyesha jambo hilo ni daktari wa patholojia wa Marekani, Alexander Breslow, katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1970. Alichukua vipande vya melanoma, akavitazama kwa hadubini, akapima unene wake kwa milimita kuanzia chini ya ile ngozi kavu ya juu mpaka kwenye seli ya saratani iliyozama zaidi kuliko zote. Akaona kwamba namba hiyo inatabiri hali ya mgonjwa. Zaidi ya miaka hamsini imepita na madaktari bado wanaanza na namba hiyo. Pamoja nayo huangalia jambo la pili: je, ngozi ya juu ya uvimbe imechimbika kwa kidonda? Kidonda kinaongeza hatari hata kama unene ni ule ule.

Mpangilio unaotumika duniani tangu mwaka 2018 uko hivi kwa ufupi:

- Hatua ya 0: seli za saratani ziko kwenye tabaka la juu tu.
- Hatua ya 1: unene hauzidi milimita 1, au ni kati ya milimita 1 na 2 bila kidonda, na matezi ni safi.
- Hatua ya 2: unene ni kati ya milimita 1 na 2 pamoja na kidonda, au umezidi milimita 2, lakini matezi bado ni safi.
- Hatua ya 3: saratani imefika kwenye matezi ya karibu, au kwenye ngozi iliyo njiani kuelekea kwenye matezi hayo.
- Hatua ya 4: imefika mbali, kama vile mapafu, ini, ubongo au mifupa.

Namba ya Baba ilikuwa milimita 3.2, pamoja na kidonda. Baba, ambaye maisha yake yote alikuwa anapima watu wengine kwa utepe, aliuliza kwa utulivu, "Kwa hiyo kipimo changu ni tatu na nukta mbili?"

Daktari akamjibu kwa ukweli: "Mzee wangu, ni tatu na nukta mbili au zaidi. Hii niliyopima ni iliyobaki. Sehemu nyingine ilikatwa mwaka jana, na hakuna aliyeipima."

Hapo ndipo tulipoelewa maana ya neno "wameitupa". Huenda mwaka 2017 namba ingekuwa ndogo. Huenda isingekuwa ndogo. Kitu ambacho kingetuambia kilikwenda na takataka za siku ile, na hilo tutaishi nalo.

Bibi na mtoki

Bibi yetu, mama yake Mama, alipopigiwa simu kuelezwa habari, hakuuliza habari ya saratani wala milimita. Aliuliza neno moja: "Mtoki umetoka?"

Vijana wengi siku hizi hawalijui neno hilo. Mtoki ni ule uvimbe unaotokea kwenye kinena mtu akiwa na kidonda cha mguu, au kwapani akiwa na kidonda cha mkono. Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba mguu na kinena vina mawasiliano. Ukichomwa na msumari unyayoni, kesho yake unachechemea kwa mtoki. Walilokuwa wakiliona ni kazi ya mishipa ya limfu: majimaji yanatoka mguuni, yanapanda mpaka kwenye matezi ya kinena, na matezi yanayachuja. Vijidudu vikifika, tezi inapambana navyo, inavimba, inauma.

Seli za melanoma hupita njia hiyo hiyo. Lakini kuna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyotudanganya. Mtoki wa kidonda unauma na hujitangaza wenyewe. Seli za saratani zikiingia kwenye tezi zinaweza kukaa kimya miezi mingi, zikiwa chache mno, chini ya milimita moja kwa pamoja, tezi haijavimba wala haiumi. Zikija kuvimbisha tezi mpaka mkono ukaigusa, mara nyingi ni ngumu na bado haina maumivu.

Daktari alimpapasa Baba kinenani, pande zote mbili. Hakuna kitu. Akampima kwa ultrasaundi. Hakuna kitu cha kutia shaka. Tulifurahi, tukaanza kupigiana simu: haijafika, haijafika! Daktari akatutuliza. Akasema vidole havina uwezo wa kujibu swali hilo, na ultrasaundi nayo haioni kilicho kidogo sana. "Nikisema sijaona, msisikie kwamba hakuna," alituambia. Tumelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile.

Kutabiri kabla ya kuona

Mmoja wetu akauliza: kama huwezi kuona, utajuaje? Daktari akasema hapo ndipo ile milimita inaporudi kufanya kazi. Kwa uzoefu wa maelfu ya wagonjwa waliopimwa, mtu mwenye melanoma ya chini ya milimita 0.8 isiyo na kidonda, uwezekano wa tezi yake kuwa na seli zilizojificha ni chini ya watu 5 katika 100, na kwa kawaida haguswi matezi. Unene ukipita milimita 1, uwezekano hupita 10 katika 100 na kuendelea kupanda. Kwa zile nene kabisa, zaidi ya milimita 4, ni kama mtu mmoja katika watatu au zaidi. Baba yetu, kwa milimita zake 3.2 na kidonda chake, alikuwa anakaribia hapo.

Mambo mengine nayo huingia kwenye hesabu: kasi ya seli kugawanyika, kama seli zimeonekana ndani ya mishipa midogo, aina ya melanoma, na umri. Kwenye umri kuna jambo la ajabu. Vijana ndio wanaokutwa na seli kwenye tezi mara nyingi zaidi kuliko wazee wenye unene ule ule, ingawa wazee ndio wanaozidiwa zaidi na ugonjwa. Siku hizi kuna vikokotoo vya kompyuta vinavyochanganya mambo hayo yote na kutoa asilimia. Mojawapo kilitolewa na wataalamu wa Australia mwaka 2020. Vinasaidia, lakini msomaji ajue kwamba vilitengenezwa kwa kumbukumbu za wagonjwa ambao karibu wote ni weupe, na melanoma za nyayo ndani yake ni chache. Mtu wa kwetu azisome namba hizo kama makadirio.

Na makadirio si hukumu. Mmoja katika watatu maana yake wawili ni salama. Swali ni Baba yuko upande gani, na hilo halijibiwi kwa hesabu.

Tezi ya mlangoni

Njia ya kulijibu ilielezwa mwaka 1992 na daktari mpasuaji wa Marekani, Donald Morton, na wenzake. Fikra yao ni nyepesi kueleweka. Majimaji yanayotoka sehemu fulani ya ngozi hayaingii kwenye matezi yote kwa pamoja. Yanaingia kwanza kwenye tezi moja au mbili, ndipo yaendelee kwa nyingine. Sisi nyumbani tuliiita tezi ya mlangoni: mgeni akiingia nyumbani, wa mlangoni ndiye wa kwanza kumwona. Ukiipata tezi hiyo ukaichunguza kwa hadubini ikawa safi, kuna matumaini makubwa kwamba za ndani nazo ni safi, na mgonjwa ameepushwa upasuaji mkubwa.

Kuitafuta, daktari hudunga rangi ya buluu karibu na kovu. Rangi hupanda na limfu mpaka kwenye tezi ya kwanza, daktari akapasua kidogo na kuitoa ile iliyogeuka buluu. Wenye vifaa zaidi huongeza dawa yenye mionzi kidogo na chombo cha kuisikiliza.

Baba alifanyiwa kwa rangi, siku hiyo hiyo aliyokatwa kisigino kwa mapana ya sentimita 2 kuzunguka kovu na kuwekewa ngozi iliyotolewa pajani. Kesho yake alituita kwa wasiwasi kutuonyesha kwamba mkojo wake umekuwa wa kijani. Muuguzi akacheka, akasema ni ile rangi inatoka, itakwisha. Baba naye akacheka. Ni katika mara za mwisho tulizomwona akicheka mpaka machozi.

Tezi moja ilitolewa. Majibu: ndani yake kulikuwa na kifungu kidogo cha seli za melanoma, kisichofika milimita moja. Imefika. Hatua ya 3.

Tulivyogombana

Tunataka kuwa wakweli kwenu: habari hiyo ilitugombanisha. Wawili kati yetu tulitaka matezi yote ya kinena yang'olewe siku hiyo hiyo. Tulisema, kama mwizi amepatikana mlangoni, utaachaje kupekua nyumba? Wawili wengine tulitaka Baba aachwe apumzike.

Daktari alitueleza kwamba zamani hilo la kung'oa yote ndilo lililokuwa likifanyika. Kisha mwaka 2017 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi mbalimbali, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,900 ambao tezi zao za mlangoni zilikutwa na seli. Nusu walitolewa matezi yote yaliyobaki, nusu wakaachwa na kufuatiliwa kwa ultrasaundi mara kwa mara. Baada ya miaka, waliotolewa hawakuepuka kifo cha melanoma zaidi ya wengine. Lakini kiasi cha watu 24 katika 100 kati yao walipata uvimbe wa majimaji kwenye mguu au mkono, wakati kwa waliofuatiliwa ilikuwa kama 6 katika 100.

Baba alisikiliza yote. Akauliza, "Mguu ukivimba, nitakanyaga cherehani?" Daktari akasema itakuwa vigumu. Baba akasema, "Basi niacheni na mguu wangu." Mzazi alikuwa ameamua, nasi tukanyamaza. Sharti lilikuwa moja: ultrasaundi ya kinena kila baada ya miezi minne, ambayo inaweza kufanywa hapa hapa Bujumbura, na majibu tuyatume kwa simu.

Tuliuliza pia habari za dawa. Kuna dawa za kizazi kipya za kuamsha kinga ya mwili, zilizoanza kuidhinishwa kwa melanoma mwaka 2011, na zimebadilisha mambo kwa wagonjwa wengi wa nchi tajiri. Bei yake haikuwa ya kufikiwa na fundi cherehani wa Buyenzi, hata angeuza na ile cherehani ya pili.

Na tulijifunza kwamba hatua ya 3 si kitu kimoja. Imegawanywa makundi manne, na katika kumbukumbu za kimataifa, waliokuwa hai baada ya miaka mitano bila kuuliwa na melanoma ni 93 katika 100 kwa kundi la kwanza, na 32 katika 100 kwa kundi la nne. Kinachomweka mtu katika kundi ni idadi ya matezi, na ile milimita tena, na kile kidonda tena. Baba, kwa tezi moja tu yenye seli chache, alikuwa kundi la tatu, kwa sababu ya unene na kidonda. Kwa mara nyingine mwaka 2017 ukatujia akilini.

Miaka miwili na nusu

Baba alirudi Buyenzi. Kisigino kilipona polepole. Akajifundisha kukanyaga kwa mguu wa kushoto, na ingawa alilalamika kwamba mshono haunyooki kama zamani, sisi hatukuona tofauti. Alishona kanzu za Idi mwaka 2019. Ultrasaundi tatu za mwanzo zilikuwa safi. Ya nne tukaichelewesha kwa sababu ya fedha, na ya tano haikufanyika kabisa, kwa sababu mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliingia na kila mtu aliiogopa hospitali. Baba alikuwa anajisikia vizuri. Nasi tukasahau neno la daktari, tukasikia kwamba hakuna.

Mwishoni mwa mwaka huo alianza kukohoa. Picha ya kifua ilionyesha mapafu. Alifariki mwanzoni mwa 2021, alfajiri, Mama akiwa amemshika mkono. Allah amrehemu na amsamehe.

Hatusemi kwamba ultrasaundi mbili zingemwokoa. Daktari alituambia kwa uwazi kwamba seli zinaweza kwenda mbali bila kuonekana kinenani. Tunasema tu kwamba kulikuwa na mlango wa kuangalia, na hatukuangalia.

Nasaha zetu

1. Geuza mguu uutazame. Unapotia udhu, walau siku ya Ijumaa, angalia chini ya nyayo, baina ya vidole na kucha. Wazee wasioweza kuinama watazamwe na wajukuu. Doa jipya, lenye rangi mbili au ukingo usio sawa, linalokua au kutoa damu, au mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, lionyeshwe kwa daktari.

2. Usikubali kitu kilichokatwa mwilini kitupwe. Uliza kabla ya kukatwa: "Kitakwenda maabara?" Kama zahanati haina uwezo, ni bora usikatwe hapo, uende penye uwezo. Kuchoma kwa dawa za kienyeji au kukwangua kwa wembe nako kunapoteza kipimo.

3. Majibu yakitoka, uliza mambo matatu na uyaandike: unene ni milimita ngapi? Kuna kidonda? Je, kwa unene huo tezi ya mlangoni inahitaji kuchunguzwa? Asiyejua namba zake hawezi kushauriwa vizuri na daktari wa pili.

4. Kutokuwa na mtoki si dalili ya usalama. Na mtoki mgumu usiouma, unaokaa wiki nyingi, ni wa kukimbiliwa kuliko ule unaouma.

5. Ukiambiwa urudi baada ya miezi minne, rudi baada ya miezi minne, hasa ukiwa unajisikia vizuri.

Tangu msiba ule, nyumbani kwetu Ijumaa ni siku ya nyayo. Watoto wanafanya mchezo, wanapanga miguu mkekani na Bibi anakagua kwa miwani yake. Mwaka jana jirani yetu mmoja, fundi seremala, alitushtua kwa doa jeusi la kidole gumba. Tulimsindikiza hospitali mioyo ikidunda. Daktari akalitazama, akakwangua kidogo, akacheka: ilikuwa damu iliyoganda chini ya sugu. Jirani aliona haya kwa kutusumbua. Tulimwambia hakutusumbua hata kidogo. Tungetoa kila tulicho nacho kusikia kicheko hicho mwaka 2016.

Tunawaomba dua kwa ajili ya mzee wetu na kwa ajili ya wagonjwa wote. Na tunawaomba, kabla hamjafunga ukurasa huu, mgeuze miguu yenu.

Wabillaahi tawfiiq.